Namba za dharura tunazo tele, kinachokosekana ni kusomana

Mfanyabiashara yeyote anayepitisha shehena katika barabara ya Isaka, Lusahunga hadi Rusumo anayo hesabu ya safari yake kichwani. Anajua bei ya dizeli, posho ya dereva na utingo wake, muda wa kupanga foleni kwenye mizani, na siku ambazo mzigo unaweza kulala mpakani kabla mteja wa Kigali au Bujumbura hajaanza kulalamika. Hesabu moja tu ndiyo haimo katika daftari lake. Lori likipinduka saa nane za usiku katikati ya pori la Biharamulo, nani apigiwe simu, atajuaje lori liko wapi, na atachukua muda gani kufika?

Wengi wetu huliona swali hilo kuwa ni la polisi na madaktari peke yao. Safu hii inaliona kuwa ni swali la biashara. Barabara ambayo msaada wake haujulikani utatoka wapi ni barabara ya gharama kubwa, hata kama lami yake ni nzuri. Gharama hiyo hulipwa na mwenye lori, mwenye mzigo, kampuni ya bima, na mwisho wa yote mnunuzi wa sukari na saruji dukani.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zilizoeleka kutajwa kama wilaya za pembezoni. Kwa mtu anayesoma hesabu, maelezo hayo yamepitwa na wakati. Kwa Rusumo hupita mizigo ya Rwanda, na kwa Kabanga hupita ya Burundi. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walifungua daraja jipya la Rusumo pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, ambako lori hukaguliwa upande mmoja badala ya mara mbili. Kwenye maporomoko hayo hayo upo mradi wa umeme wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ngara ina nikeli ya Kabanga, ambayo mkataba wake na Serikali ulisainiwa Januari 2021. Biharamulo ina dhahabu ya Stamigold, uliokuwa mgodi wa Tulawaka. Kwa sensa ya 2022, wilaya hizi mbili kwa pamoja zina zaidi ya watu 800,000. Soko hilo si dogo.

NAMBA NYINGI, MLANGO MMOJA HAKUNA

Tatizo letu si uhaba wa namba. Polisi wana 112. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina 114. Mama mjamzito mwenye tatizo au mtoto mchanga hupigiwa 115, namba ya mpango wa m-mama. Wizara ya Afya ina 199. Watoto wanaonyanyaswa wana 116. Kila namba ilianzishwa kwa nia njema na kila moja ina kazi yake.

Lakini ajali haichagui idara. Tuseme lori la mafuta limepinduka Nyakahura na mafuta yanatiririka mtaroni. Hapo panatakiwa polisi wa kuzuia watu, zimamoto wa kuzuia mlipuko, na gari la wagonjwa la kumchukua dereva, na wote watatu wanatakiwa kwa wakati mmoja. Tunakumbuka Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kuwaka moto huku wananchi wakichota petroli. Malori ya aina hiyo hupita Lusahunga na Ngara yakielekea nchi jirani. Mpita njia mwenye kitochi na salio dogo la chaji atapiga namba ipi kwanza? Na akishapiga moja, kwa nini alazimike kupiga ya pili na ya tatu, akisimulia upya mambo yale yale?

Mpakani hali inachekesha, ingawa si jambo la kucheka. Dereva kutoka Rwanda amezoea kwamba ajali ya barabarani hutolewa taarifa kwa 113. Akivuka daraja la Rusumo, 113 ni namba ya TAKUKURU. Kwao 114 ni namba ya bure ya masuala ya afya, na kwetu ni zimamoto. Kwao gari la wagonjwa huitwa kwa 912, namba ambayo dereva wetu hajawahi kuisikia mpaka yamkute. Aidha, minara ya simu haina habari na mipaka. Aliyesimama karibu na mto Kagera anaweza kujikuta laini yake imeshika mtandao wa ng'ambo, na simu yake ya dharura ikaingia nchi ambayo hayumo.

Tumefanikiwa kuunganisha forodha za nchi mbili chini ya paa moja ili shati na saruji zipite haraka. Hatujaunganisha simu inayoomba msaada kwa ajili ya mtu anayebeba shati na saruji hizo.

SOMO LA MARBURG

Anayedhani dharura ni ajali za magari tu aangalie kilichotokea Biharamulo. Kwa taarifa za Shirika la Afya Duniani (WHO), mgonjwa wa kwanza aliyetambuliwa katika mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani humo alianza kuugua tarehe 9 Desemba 2024 na kufariki tarehe 16 ya mwezi huo huo. Katikati ya Januari 2025 WHO ilitoa tahadhari kwamba unashukiwa kuwapo ugonjwa huo mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikaeleza kwamba sampuli zilizopimwa hadi wakati huo hazikuonyesha virusi. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba ugonjwa umethibitishwa. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote 10 walikuwa wamefariki.

Kati ya mgonjwa wa kwanza kuugua na nchi kutangaziwa zilipita wiki sita. Safu hii haisemi kwamba simu pekee ingefuta wiki hizo. Maabara ina kazi yake, na kirusi hiki dalili zake za mwanzo hufanana na malaria. Lakini taarifa za awali huwa ni vipande vipande. Muuguzi wa zahanati anaona homa isiyosikia dawa, mwenyekiti wa kijiji anaona misiba miwili katika nyumba moja, dereva wa bodaboda anambeba mgonjwa anayetapika damu. Kila mmoja ana kipande chake. Kipande kimoja kikiingia 199, kingine 115, na cha tatu kikaishia kwenye daftari la zahanati, hakuna ofisi inayoona picha nzima. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa hata asiyeficha kilio humfichua, kwa sababu aliyemwambia hana njia ya kumwambia mwenzake.

Kwa upande wa soko, WHO ilizishauri nchi zisizuie safari wala biashara na Tanzania. Hata hivyo iliweka hatari kwa nchi na kwa kanda katika kiwang'o cha juu, ikitaja kwamba Kagera ni njia kuu ya watu waendao Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo. Mteja akisoma maneno hayo haihitaji Serikali imkataze. Ataahirisha oda mwenyewe. Siku zinazookolewa mwanzoni mwa mlipuko ni siku za soko zinazookolewa mwishoni.

TEKNOLOJIA YENYEWE IKOJE

Mfumo wa zamani wa simu za dharura ulijengwa juu ya waya. Marekani walipopiga simu yao ya kwanza ya 911, tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, simu ilikuwa ukutani na nyumba ilijulikana. Simu ya mkononi ilivuruga hesabu hiyo, kwa kuwa mnara humwambia mpokeaji kwamba mpigaji yuko mahali fulani ndani ya eneo linaloweza kuwa la kilomita kadhaa. Katika pori la Biharamulo, kilomita kadhaa ni giza tupu.

Mfumo mpya hupitisha simu hiyo katika intaneti. Sauti, ujumbe, picha na mahali alipo mpigaji husafiri pamoja kama faili moja. Kituo kimoja kikizidiwa, simu huenda yenyewe kwenye kituo kingine. Polisi akiona kwamba jambo hili linahitaji zimamoto, husukuma faili zima, naye wa zimamoto husoma kilichokwisha kuandikwa bila kumuuliza majeruhi mara ya pili. Hiki ndicho ambacho serikalini siku hizi huitwa mifumo kusomana.

Kuhusu mahali, Uingereza ilianza mwaka 2014 kutumia utaratibu ambao simu janja, ikipiga namba ya dharura, huwasha yenyewe kipimo chake cha mahali na kutuma ujumbe kituoni. Google iliuweka utaratibu wake katika simu za Android mwaka 2016, na Apple ikafuata mwaka 2018. Mpigaji hahitaji kufanya lolote, lakini nchi na makampuni yake ya simu lazima wakubaliane kuupokea ujumbe huo. Mwenye kitochi hafaidiki nao. Huyo atasaidiwa na Anwani za Makazi, zoezi lililofanyika nchi nzima mwaka 2022 kabla ya sensa, ambalo lilizipa nyumba na barabara namba na kuziingiza katika ramani ya kompyuta. Mpokeaji simu mwenye ramani hiyo mbele yake anaweza kumuuliza mwananchi namba ya nyumba iliyo jirani na kumpata.

Tusidhani kwamba utajiri peke yake unatibu tatizo la kutosomana. Tarehe 11 Septemba 2001 mjini New York, helikopta za polisi zilitoa onyo kwamba jengo la pili lilikuwa karibu kuanguka. Onyo hilo halikuwafikia wazimamoto wengi waliokuwa ndani, kwa kuwa idara hizo mbili hazikuwa na mawasiliano ya pamoja. Wazimamoto 343 walikufa siku hiyo. Marekani ina vituo zaidi ya 5,000 vya kupokea 911, na kwa miaka mingi kila eneo lilijinunulia mitambo yake. Kuviunganisha sasa kunawagharimu fedha nyingi. Sisi tuna bahati ya mtu anayejenga nyumba ya pili baada ya kuona makosa ya jirani, mradi tu tusiyarudie.

DARASA TUNALO NYUMBANI

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba jambo hili linawezekana katika mazingira yetu. Mpango wa m-mama ulianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, Kanda ya Ziwa, ukiendeshwa na Serikali pamoja na taasisi ya Vodafone Foundation na wadau wengine, kisha Aprili 2022 Rais Samia akauzindua kuwa mpango wa taifa. Ndugu au muuguzi hupiga 115 bila malipo. Mpokeaji huuliza maswali yaliyopangwa, programu humwonyesha uzito wa tatizo na gari la wagonjwa lililo karibu. Kama gari hilo halipo, huitwa dereva wa kawaida wa kijijini aliyesajiliwa na kupewa mafunzo, na akishamfikisha mama kituoni hulipwa kwa simu.

Wafanyabiashara waliangalie jambo hili kwa jicho lao. Hapa hakuna aliyesubiri hadi kila kata inunuliwe gari la wagonjwa. Walichukua magari yaliyokuwapo tayari, wakaweka bei, wakaweka uhakika wa malipo, na soko likaitika. Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 vilikadiriwa kuwa 104 katika utafiti wa 2022. Mambo mengi yamechangia, yakiwamo vituo vya afya na wauguzi, na usafiri wa dharura ni moja katika hayo.

Kasoro ya m-mama ni kwamba mlango wake ni mwembamba. Mpokeaji yupo, programu ipo, dereva yupo, lakini aliyevunjika mguu kwenye ajali ya lori si mjamzito. Mtambo uliokwisha kulipiwa unakaa usiku kucha tayari kwa simu ya aina moja.

Kagera yenyewe imeonyesha kwamba msaada wa kwanza hutoka kwa raia. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kufika. Watu 24 waliokolewa na 19 wakafa. Mfumo wa dharura unaofaa ni ule unaomjua mvuvi, dereva na bodaboda aliye karibu, na kumwita kabla hajasikia kelele mwenyewe.

HOJA ZA WANAOTIA SHAKA

Zipo hoja nne zinazosikika, na zote zinastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba kuna vijiji visivyo na mtandao, sasa intaneti ya nini? Ni kweli, lakini hali inabadilika. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) na makampuni ya simu walisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, kwa ruzuku ya Serikali ya shilingi bilioni 126. Mkongo wa Taifa nao umefika hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga. Ieleweke pia kwamba mpigaji hahitaji intaneti. Anahitaji sauti tu. Intaneti inahitajika kati ya kituo na kituo, ambako waya upo.

Ya pili ni fedha. Safu hii haipendekezi tozo mpya, na itaipinga ikija, kwa sababu msafirishaji ameshachoka. Makampuni ya simu tayari huchangia UCSAF sehemu ya mapato yao. Kila idara nayo tayari hununua mitambo yake. Kinachotakiwa ni fedha hizo hizo zinunue vitu vinavyosomana.

Ya tatu ni simu za mzaha. Hizi zipo na zinaudhi. Lakini kila laini nchini sasa imesajiliwa kwa alama za vidole, hivyo mzaha una jina. Kituo kimoja chenye kumbukumbu humtambua msumbufu haraka kuliko vituo vitano visivyoambizana.

Ya nne ni siri za watu, na hii ndiyo nzito. Mgonjwa hapendi polisi asome ugonjwa wake, na dereva hapendi kufuatwa kila aendako. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Itumike hapa: mahali pa mpigaji pasomwe wakati wa simu ya dharura tu, na kila idara ione sehemu inayoihusu. Mfumo usioaminika hautapigiwa simu, na mtaji wote utakuwa umemwagwa mtaroni.

KINACHOTAKIWA

Pendekezo la safu hii ni kwamba Ngara na Biharamulo ziwe mahali pa majaribio, kama Sengerema na Shinyanga zilivyokuwa kwa m-mama. Mambo manne yanatosha kuanza nayo.

Kwanza, 112 iwe mlango mmoja. Namba nyingine zibaki kwa waliozizoea, lakini anayepiga 112 asielekezwe apige kwingine. Simu ihamishwe na faili lake.

Pili, zabuni yoyote ya mtambo wa kupokea simu za polisi, zimamoto au afya iwe na sharti la kusomana kwa viwango vya wazi vya kimataifa. Muuzaji asiyeweza kutimiza sharti hilo asishinde hata kama bei yake ni ya chini. Tuliosoma biashara tunaujua mtego huu. Mtambo wa bei rahisi usiozungumza na mwingine huleta ankara ya pili, ya kuuunganisha, na hiyo huwa kubwa kuliko ya kwanza.

Tatu, madereva wa m-mama katika wilaya hizi mbili waongezewe mafunzo na mkataba wa kubeba majeruhi wa barabarani. Makampuni ya bima yana sababu ya kuchangia malipo hayo, kwa kuwa majeruhi anayefikishwa hospitali mapema ni fidia ndogo zaidi.

Nne, Tanzania, Rwanda na Burundi wakubaliane jinsi ya kukabidhiana simu zinazoingia nchi isiyohusika, kwa kuanzia Rusumo na Kabanga. Awekwe pia mpokeaji anayejua Kinyarwanda na Kirundi, kwa kuwa majeruhi huomba msaada kwa lugha ya mama yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na idara moja haimalizi dharura. Halmashauri huanza kupanga bajeti zao miezi kadhaa kabla ya Julai mosi. Wanachama wa TCCIA mkoani Kagera na wamiliki wa malori walio katika TATOA wasisubiri kualikwa. Waandike barua sasa, waulize swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana: mtambo mnaotaka kununua mwaka huu utasomana na wa jirani yenu? Wakijibiwa hapana, fedha hiyo isitoke.